Siku Ambayo Haikuwa Kwenye Daftari

Kila nikishika mkasi, mwanangu, inanijia Jumamosi moja ya miaka mingi iliyopita. Leo imenijia tangu alfajiri, nikiwa napanga nguo kwenye begi na kucheka peke yangu. Nina furaha, sitaki kukuficha. Nakuandikia haya harakaharaka kabla gari halijaja, kwa sababu nimesikia umefungua duka lako, na kwamba siku hizi hata kula unakula umesimama. Kaa kidogo nikusimulie.

Wakati huo nilikuwa na miaka thelathini na tatu. Kibanda changu cha ushonaji kilikuwa hapahapa Morogoro mjini, karibu na soko, na wateja walijaa mpaka nje. Unajua sisi mafundi tunavyosemwa. Unapeleka kitambaa, unaambiwa njoo kesho, na kesho hiyo haifiki. Mimi nilijiapiza sitakuwa fundi wa namna hiyo. Nilikuwa na daftari kubwa la kuandikia jina la mteja, vipimo vyake na siku ya kuchukua nguo, na nilichoandika humo kilitimia hata nikiwa na homa. Watu walinisifu, na mimi sifa nilizipenda, tena sana.

Mwaka huo binti yangu Zamda alivunja ungo, na mama yangu akamchukua kijijini kwetu milimani wakati wa likizo ya shule ili afundwe. Siku ya kumtoa ilipangwa Jumamosi. Kama hujawahi kuona mwali akitolewa Uluguru, bado hujaona ngoma. Wanawake wamevaa sare, vigelegele havikatiki, mwali anabebwa mabegani na kuzungushwa uwanjani huku watu wakimtunza. Lakini katika ukoo wetu, kabla hajavuka kizingiti, mama yake humfunga kanga mpya kiunoni na kumwambia neno moja sikioni, neno ambalo watalijua wao wawili tu. Zamda aliniuliza tangu akiwa mdogo nitamwambia nini. Nilikuwa namjibu asubiri siku yake.

Sare zote za ngoma ile nilizishona mimi, na nilizituma mapema kwa gari la wafanyabiashara wa mboga. Mwenyewe nilipanga kupanda Alhamisi. Alhamisi asubuhi akaja mama mmoja analia, fundi wake amemwangusha na harusi ya mwanawe ni Jumapili. Nikapokea. Nikapiga simu kijijini nikasema nitapanda kesho. Ijumaa wakaja dada zake yule mama na vitambaa vyao, nikavipokea navyo, nikasema kesho asubuhi na mapema.

Jumamosi asubuhi simu ikalia nikiwa napiga pindo. Alikuwa Mjomba Mkude, kaka wa mama yangu. Sisi Waluguru ukoo wetu ni wa upande wa mama, na mjomba akiita unaacha chakula mezani. Nikamwamkia kwa sauti tamu. Akaitikia, akauliza niko wapi.

"Niko njiani, mjomba."

"Tatu, hiyo njia yako mbona ina cherehani?"

Mguu wangu ulikuwa haujaacha kukanyaga. Nikacheka kwa aibu, nikamwambia nakuja sasa hivi. Kisha nikamaliza lile pindo, nikaanza na jingine, kwa sababu lilibaki moja tu.

Nilifika mwisho wa barabara saa nane mchana, nikaanza kupanda kwa miguu, kanga ya Zamda nimeikumbatia kifuani. Nikasikia ngoma. Mwanangu, moyo uliniruka. Nilipanda nikikimbia kati ya migomba na mashamba ya maharage, napiga vigelegele peke yangu njiani, kwa sababu nilijua nawahi. Halafu ngoma ikanyamaza. Nikasema wanapumzika. Nilipofika kwenye kijito nikakutana na wanawake wanateremka, wawili, kisha watano, kisha kundi zima, wote wamevaa nguo nilizozishona mimi. Walinisalimia kwa adabu. Mmoja akaniambia sare zimependeza kweli, hakuna hata moja iliyobana.

Nilimkuta Zamda amekaa mkekani uani, anang'aa kwa mafuta, na kiunoni ana kanga aliyofungwa na jirani. Walikuwa wamenisubiri mpaka wapiga ngoma wakachoka. Akaniamkia vizuri. Hakulia wala hakununa, na hilo ndilo lililoniumiza zaidi. Nikaanza kueleza habari za yule mama na harusi ya mwanawe. Mjomba akanizuia kwa mkono, na wala hakupandisha sauti.

"Nguo zako zote zimefika, Tatu, tena kwa wakati. Wewe tu ndiye hukufika."

Nilikaa chini palepale nikalia mbele za watu. Nilipotulia nikamwinamia Zamda nimwambie lile neno, naye akasema kwa upole, basi mama, imeshapita. Nikalirudisha moyoni.

Kesho yake kabla sijateremka, Mjomba aliniomba daftari langu, maana hata kule nilikuwa nimekwenda nalo. Akalifungua mwezi ule, akafuata mistari kwa kidole. Harusi ya fulani, ubatizo wa fulani, Maulidi, mahafali. Akauliza siku ya Zamda iko wapi. Nikamjibu hiyo sikuiandika kwa sababu naijua kwa kichwa. Akalifunga, akanirudishia. Njia nzima ya kuteremka nilikuwa nafikiria hilo tu. Mteja hata mmoja sikuwahi kumwambia njoo kesho. Kesho zangu zote nilikuwa nawapa watu wa nyumbani.

Nikarudi mjini, nikanunua kalamu nyekundu. Tangu hapo, kila mwezi unapoanza, kabla sijapokea kitambaa cha mtu, naandika kwanza siku zangu. Jumapili ya watoto. Siku ya kwenda kumwona mama. Saa ya kula nikiwa nimekaa, ndiyo, hata hiyo niliiandika. Mteja akiitaka siku nyekundu namwambia imechukuliwa. Jirani zangu pale sokoni walidhani nimerogwa. Wapo wateja waliosonya wakaenda kwingine. Wengi walirudi, wachache hawakurudi kabisa, na cherehani yangu haijawahi kulala njaa.

Sasa sikia kwa nini nacheka tangu alfajiri. Zamda ana binti, Mwanaidi, amefunga shule, na Jumamosi hii anatolewa katika uwanja uleule. Leo ni Jumatano na begi langu liko mlangoni. Jana alikuja mteja mwenye haraka zake, anataka magauni sita kabla ya Jumamosi. Nikamwonesha wino mwekundu, nikamwelekeza kwa fundi mwingine.

Kwa desturi Zamda ndiye wa kumfunga mwanawe kanga. Lakini juzi alinipigia simu. "Mama, upande mmoja nitafunga mimi, upande wa pili utafunga wewe," akasema. "Na lile neno langu, uje nalo." Miaka yote hii, mwanangu, nilidhani ameshalisahau. Nimelibeba mpaka nimekuwa bibi, na Jumamosi ninalipeleka kwa mwenyewe. Niambie nitaachaje kucheka?

Basi nasaha yangu ni hii. Fanya kazi kwa bidii, timiza ahadi kwa wateja wako, sikukatazi. Lakini usiwaache watu wako kichwani ukadhani wako salama humo. Waandike. Waandike mapema, kabla mteja wa kwanza hajasukuma mlango, na ukishawaandika usiwafute kwa ajili ya mtu anayelia. Usitume zawadi mahali unapotakiwa wewe. Siku ukichelewa, na utachelewa, omba radhi bila kueleza habari za kazi, kisha ubadilike.

Gari linapiga honi nje. Mungu akubariki, mwanangu, akupe wateja wema na mikono yenye afya, akupe na nguvu ya kufunga mlango wa duka mchana kweupe watu wakikuona. Na siku watu wako wakikupigia kukuuliza uko wapi, akujalie uwajibu kama ninavyokwenda kumjibu Zamda sasa hivi: niko njiani, na iwe kweli.