Maji Yalipoacha Kunuka Dawa

Mwaka ule maji ya bomba hapa Tabora yaliacha kunuka dawa, na sisi, kwa ujinga wetu, tukashangilia. Tulikuwa tumechoshwa na klorini iliyoharibu hata uji. Ghafla bomba likaanza kutoa maji matamu, majirani wakasema Mungu ametukumbuka. Mimi nikaacha kuchemsha. Mkaa wenyewe ulikuwa wa kutafuta kwa tochi, na maji yasiyonuka uyachemshe ya nini?

Mume wangu alikuwa fundi kwenye mtambo wa maji wa mji. Akisikia tunayasifu, anatazama pembeni. Nikadhani ni uchovu wa kazi.

Masika yalipokolea, binti yetu, hajatimiza miaka miwili, akashikwa na kuhara. Siku ya kwanza nilisema ni meno. Siku ya tatu macho yameingia ndani, analia machozi hayatoki. Zahanati waliniambia nimnyweshe maji kwa wingi. Nikamnywesha, jamani, kikombe baada ya kikombe, kwa mkono wangu huu.

Mama mkwe akaenda kwa maalimu, akarudi na kombe: sahani nyeupe iliyoandikwa aya kwa zafarani. Kwetu mgonjwa hupewa kombe tangu enzi za mababu, na sina ubaya nalo mpaka leo. Nikachota maji mtungini, nikaosha maandishi, nikampakata mwanangu anywe. Mume wangu ndio kwanza anaingia kutoka kazini. Akanipokonya sahani, akamwaga yote uani.

Mama yake alimuuliza kama amepata wazimu, kumwaga maneno ya Mungu. Yeye alinigeukia mimi.

"Usimpe maji hayo. Hayana dawa tangu mfungo."

Ndipo akaeleza: ng'ombe waliingia watakavyo kwenye bwawa linalotupa maji, mvua ilisomba vinyesi vya huko juu, na dawa ya kuyasafisha ilitoka ng'ambo. Fedha za kigeni hakuna. Mkubwa wao aliwakataza wasiseme, eti watatia watu hofu. Mume wangu naye akaogopa kufukuzwa, akafyata ulimi. Alidhani bado nachemsha, ndivyo alivyosema.

Tulimkimbiza mtoto hospitali kwa baiskeli, mimi nyuma nimempakata. Nesi alitafuta mshipa mkono huu na huu, akakosa. Kabla ya adhana ya alasiri binti yangu akakata roho mapajani mwangu, midomo imekauka.

Baada ya khitma, wageni walipotawanyika, nilimkalia mume wangu mbele. Machozi yalikuwa yameniishia, imebaki hasira. Nilimuuliza jambo moja tu.

"Miezi yote ile, wewe mwenyewe ulikuwa unakunywa nini?"

Alivua kofia, akaigeuzageuza.

"Chai tu," akasema.