Beseni la Simu

Mimi mpira siupendi na sijawahi kuupenda. Naanza na hilo ili mtu asidhani naandika kwa uchungu wa timu fulani. Nilikuwa na hoteli ya mabati nje ya geti la kiwanda cha nguo hapa Thika. Chai, mandazi, chapati, madondo, na televisheni ambayo mume wangu aliitundika ukutani kabla hajahamia kwa mwanamke mwingine huko Ruiru. Yeye alienda, televisheni ikabaki, nikaona heri ifanye kazi.

Wateja wangu walikuwa watu wa shifti ya usiku. Wanaingia saa moja jioni, wanatoka saa moja asubuhi. Lile kombe la vilabu vya Ulaya huchezwa usiku, Jumanne na Jumatano, wakati wao wako ndani na mashine. Lakini mechi kubwa ilirudiwa asubuhi yake, saa mbili. Basi msimu ule, ligi ilipoisha na mtoano kuanza, wakanijia na kuniomba niwe nawawashia marudio. Nilikubali haraka. Mtu anayekaa dakika tisini mbele ya mpira hanywi kikombe kimoja.

Ila marudio hayana ladha ukishajua matokeo, na wanaume hao walitaka mechi yao ije mbichi. Kwa hivyo siku za mechi walitoka getini na pamba masikioni. Pamba kweli, yale mabaki ya nyuzi wanayojaza masikioni kwa sababu ya kelele za mashine. Siku zingine waliitoa getini wakaitupa. Siku ya mechi waliiacha mpaka wafike kwangu, maana kati ya geti na hoteli palikuwa na stage ya boda, na watu wa boda hawajui kuficha kitu. Tena wakipita hapo walikuwa wanaimba nyimbo za kanisa kwa sauti, watu wazima kumi na wawili, kila mmoja na wimbo wake, kila mmoja na dhehebu lake. Niliwaambia mara nyingi kwamba hawana akili. Walicheka tu, kwa sababu hawakunisikia.

Zikabaki simu. Simu ndiyo iliyoleta umbea wa matokeo, kwa meseji na kwa picha. Hapo ndipo likaingia beseni langu la bluu, lile la kuoshea vikombe. Kila mtu akifika mlangoni anaweka simu yake ndani bila kuitazama, na hakuna kuigusa mpaka refa apige filimbi ya mwisho. Beseni lilikaa kando ya jiko, karibu na mimi. Mimi ni mkali, sikatai, na ndiyo sababu walinipa kazi hiyo.

Kati yao kulikuwa na mmoja tuliyemwita Fundi. Mtu wa Vihiga, miaka arobaini na kitu, alikuwa akitengeneza mashine za kusokota nyuzi na alipanga chumba Witeithie. Mpole mpaka anakera. Timu yake ilikuwa ya Uingereza, na kombe hilo ilikuwa haijawahi kulibeba hata mara moja. Wenzake walimtania kila wiki, naye anatabasamu na kuomba chai ya pili.

Mama yake Fundi alikuwa nyumbani huko magharibi pamoja na dada yake. Huyo mama alikuwa na tabia moja. Zamani jirani yao alikatwa mkono na mashine kwenye kiwanda fulani huku upande wetu, na tangu hapo hakuweza kutulia mpaka asikie mwanawe ametoka kazini mzima. Kwa hivyo kila asubuhi, akingoja chai yangu, Fundi alipiga simu na mimi nilisikia maneno yale yale. Nimetoka, mama. Ndiyo, mikono ipo yote miwili. Nilizoea kuyasikia, hata siku asipokuja niliona kama kuna kitu sijafanya.

Siku za mechi mambo yalibadilika kidogo. Hakutaka kuwasha simu getini na kukutana na matokeo, basi alimwambia mama yake kwamba siku hizo atachelewa, atapiga mechi ikiisha. Mama alikubali. Ya mpira yeye hakuyajua, alichojua ni kwamba siku hizo kungoja ni kurefu.

Hatua ya kumi na sita bora ilipoanza, mama huyo alikuwa ameshaanza kuugua. Kwanza ilikuwa kifua, kisha wakasema moyo. Mvua za Aprili zilipofika alikuwa hainuki kitandani. Fundi aliomba likizo, akaambiwa angoje, akangoja. Nilimwambia hivyo ndivyo watu wapole hufanywa. Akasema watampa tu, na kweli walimpa, aanze Jumatatu baada ya nusu fainali.

Kabla ya hapo kulikuwa na robo fainali, na lazima niieleze, kwa sababu ndiyo iliyoniharibu kichwa. Kuna mwanaume mmoja wa shifti ya mchana, anakaa Ruiru upande wa Kiuu, ambaye alikuwa anatazama mechi usiku kama watu wengine na asubuhi anajua kila kitu. Siku hiyo simu ya kijana mmoja ililia kwenye beseni, namba ngeni, ikalia wee mpaka nikachoka. Nikaipokea. Kumbe ni huyo wa Ruiru kwa laini nyingine, na kabla sijasema haloo akatangaza matokeo kwa sauti ya mnadani. Hoteli nzima ilisikia. Mechi ilikuwa dakika ya ishirini. Walinitazama kana kwamba nimekojoa ndani ya chai. Wawili hawakurudi wiki nzima, na aliyebaki wa mwisho aliniuliza kama pia mimi nimeanza kutumwa na watu wa mchana. Niliapa mbele yao wote kwamba namba ngeni sitapokea tena, hata ikiwa ya rais.

Mkondo wa pili wa nusu fainali ulirudiwa asubuhi ya Alhamisi. Timu ya Fundi ilikuwa imefungwa moja ugenini na sasa ilikuwa nyumbani. Wote waliingia wakiimba, wakaweka simu, wakatoa pamba. Fundi akabaki mlangoni na simu mkononi.

"Mama, leo simu ikae mfukoni," akaniambia. Aliniita mama kama wengine, ingawa nimemzidi miaka michache tu. "Mzee wangu wa kike hajalala vizuri."

Ningemwachia. Lakini walikuwa wananitazama wote, na bado nilikuwa na aibu ya robo fainali. Nikamuuliza kama hao wengine hawana mama. Ndivyo nilivyosema, kwa maneno hayo.

Hakubishana. Akaiweka simu kwenye beseni, juu ya zingine, kioo kikitazama juu. Akanieleza kwamba dada yake akipiga jina litatokea, Sista, na kwamba nimwite hata kama ni penalti. Nikamwambia nimesikia, nitamwita, aende akae.

Mechi ile walisema ilikuwa nzuri. Mimi nilikuwa nageuza chapati. Timu ya Fundi ilipata goli kipindi cha pili, zikawa sawa, wakaenda muda wa ziada. Hapo simu yake ikawaka. Nilitazama. Haikuandika Sista. Ilikuwa namba tu, ngeni, na mimi nikajisemea, huyu wa Ruiru leo hanipati. Nikaiacha ilie mpaka ikanyamaza. Ikawaka tena, namba ile ile. Mara ya tatu nilifuta mikono kwenye aproni, nikaishika, nikaigeuza kioo chini ili isinisumbue. Nilijisikia vizuri, kama mtu aliyeshinda. Iliendelea kutetemeka juu ya zile zingine, na baada ya kuigeuza hata angekuwa Sista nisingejua. Hilo nimelifikiria mara nyingi kuliko yote.

Waliingia penalti. Timu ya Fundi ikashinda, ikaenda fainali. Watu wazima wakakumbatiana, benchi langu moja likavunjika mguu. Walikuja kuchukua simu zao, na Fundi alikuja mwisho, bado anacheka, meno yote nje. Akageuza simu. Simu sita ambazo hazikupokelewa.

Alitoka nje akapiga. Nilimwona kupitia dirisha, amesimama kando ya mitungi ya maji, anaongea lugha ya kwao. Aliporudi wenzake walikuwa wameanza kuondoka.

"Ililia?" akaniuliza.

"Ililia."

"Uliona?"

"Niliona namba ngeni. Nikadhani ni yule wa Ruiru."

Akatikisa kichwa kwamba ameelewa. Halafu akanieleza, polepole, kama anaeleza jambo la mtu mwingine. Stima ilikuwa imepotea kwao, simu ya dada yake ikazima, basi akaazima ya jirani. Mama yake alikuwa anauliza kitu kimoja tu, kama kijana ametoka kazini. Dada alimjibu kwamba ametoka. Hakuamini, alitaka kusikia mwenyewe. Alikufa saa nne na robo, wakati sisi tuko kwenye muda wa ziada.

Nilisema pole. Hilo ndilo neno lililokuwepo. Yeye alichukua pamba yake iliyokuwa mezani kando ya kikombe, akaijaza masikioni, sikio moja kisha lingine, akatoka akapita kwa watu wa boda.

Wale wenzake waliniambia kwamba si makosa yangu, sheria ilikuwa yetu sote. Niliwafukuza. Nilimkasirikia hata yeye, kwa nini hakubishana, kwa nini hakunitukana, kwa nini mtu mzima anaachia simu yake kwa mwanamke wa chapati siku mama yake ni mgonjwa. Jioni nilirudi nyumbani nikalia nikiwa nimesimama, mikono ndani ya maji ya vyombo, kisha nikamaliza vyombo. Ijumaa niliuza chai kama kawaida.

Likizo yake ilitumika kwa maziko. Walionipa habari walisema alienda na nguo za kazi, akakumbuka njiani. Sikuamini kama atarudi kwangu, kiwanda kile kina hoteli nyingine nne nje ya geti.

Fainali ilichezwa Jumamosi, na marudio yakawa Jumapili asubuhi. Jumapili mimi huwa sifungui, naenda kanisani. Siku hiyo nilifungua. Niliacha ibada ya kwanza na mchungaji alijua kwa nini sipo, kwa sababu nilimwambia. Walikuja wale wa shifti, safari hii bila kuimba sana. Wa kwanza mlangoni alikuwa Fundi. Amekonda, amenyoa kichwa. Akatoa simu yake kabla sijasema lolote, akaiweka kwenye beseni.

"Kaa nayo," nikamwambia.

"Wacha ikae tu, mama. Sasa nani atanipigia?"

Nilibeba beseni zima nikaliweka mapajani. Chapati hakuna aliyepata siku hiyo. Kila simu iliyolia niliipokea, jina au namba, nakimbia nje nayo na kuongea pembeni ili wasisikie. Niliongea na mke wa mtu akiuliza unga. Niliongea na mtu wa chama akidai mchango. Walipiga kelele kwamba navunja sheria, nikawaambia sheria ni yangu na beseni ni langu.

Kipindi cha pili timu ya Fundi ilikuwa chini goli moja na inashambulia. Simu yake ikawaka. Namba ngeni. Haikulia mara mbili, tayari nilikuwa nje.

"Pole sana, bana," sauti ikasema. "Pole sana."

 Nilijua dada naye ameenda, au mwingine wa kwao, sijui nani. Nikashika ukuta. Sauti ikaendelea, kwamba goli la pili ndilo lililowamaliza, kwamba ndio mpira, mwaka ujao upo. Alikuwa yule wa Ruiru. Hakuwa anaharibu, maskini, alidhani Fundi ameshatazama usiku. Nilikata simu, nikakaa kidogo pale kwenye mitungi mpaka moyo ukatulia.

Niliporudi ndani wote walikuwa wanatazama mpira. Yeye peke yake alikuwa amegeuka, anatazama mlango, mkono wake umeshika ukingo wa benchi kama mtu anayetaka kusimama.

"Ni nyumbani?" akauliza.

"Hapana," nikasema. "Si nyumbani."

Alinitazama kidogo. Kisha akaachilia benchi, akarudisha uso kwenye televisheni. Timu yake ilikuwa imepata kona, na yeye alikuwa bado ana matumaini, na katika hoteli ile nzima ni mimi peke yangu niliyejua.