Majivu ya Nguzo za Kijani

Rosa Kiden alirudi Koboko, Uganda, kutoka uhamishoni Sudan mwaka 1987, akiwa mjane, akapata kazi ya kupika na kulea watoto katika shule ndogo ya chekechea upande wa Dranya. Hakujua kusoma. Watoto hamsini na wawili aliwatambua kwa vikohozi vyao.

Uwanja wa michezo ulijengwa na wageni wa misaada: bembea, ngazi, daraja dogo, vyote kwa nguzo za kijani zilizotiwa dawa ili mchwa wasizile. Sisi zamani tulichagua mti mgumu, tukachoma ncha yake kabla ya kuichimbia. Mchwa wakila, tulijenga tena. Siku hizi mtu anasifu mti ambao hata mchwa ameukataa, kisha anamkalisha mwanawe juu yake.

Mwaka 1991 viganja vya watoto vilianza kuwa vigumu, vyenye madoa. Matumbo yaliwauma. Yangi, mjukuu wa Rosa, alishindwa kushika kikombe. Enoch, bwana afya wa Arua, alikuja kwa baiskeli, akakwangua nguzo, akachota mchanga chini ya bembea, akavipeleka vipimwe Kampala. Akamwachia Rosa kazi moja: kuhesabu kila mtoto anatia mkono mdomoni mara ngapi kwa saa.

Alihesabu kwa punje za mahindi, siku kumi, mtoto baada ya mtoto. Simjui msomi mwenye subira hiyo.

Majibu yalikuja: arseniki, sumu. Enoch aliketi jikoni akapiga hesabu ya mikono, mchanga, saa na uzito wa mtoto. Akarudia.

"Mama Rosa, hii hesabu inakataa. Sumu ya mikono iko kidogo. Haiwezi kufanya watoto hivi."

"Labda shule ndiyo umesahau, daktari. Punje yangu haidanganyi."

"Punje iko sawa. Watoto wanakula nini?"

"Majani ya kunde."

"Na chumvi?"

Rosa akacheka. "Chumvi ya duka iko wapi? Tunachuja majivu, maji yake tunatia kwa mboga, kama mama zetu. Majani inalainika."

"Majivu ya kuni gani?"

Akanyoosha kidole kwenye kona. Vilikuwa vipande vya nguzo vilivyoachwa na mafundi. Cheko likamwishia mdomoni.

Kuchuja majivu ni desturi nzuri. Bibi zetu walijua mti upi unachomwa na upi hauguswi. Mwaka 1979 tulivuka mpaka tukikimbia vita, wazee wakafia huko. Waliorudi walirudi na chujio bila majina ya miti.

"Kwa ripoti nitaandika bembea tu," Enoch alisema kwa sauti ya chini.

Angelo, mwalimu mkuu, alikuwa mlangoni. "Nyamaza, mama. Hapa mtu akisikia sumu na sufuria, anataja mchawi. Watakuchoma ndani ya nyumba."

"Mwalimu, nusu ya mama hawa nimewagawia hizo kuni. Leo jioni watapika."

"Rosa!"

"Andika sufuria yangu, daktari. Na jina langu."

Alimwaga mboga shimoni, akajifuta mikono, akatoka kwenda langoni, ambako mama za watoto walikuwa wameanza kufika. Wa kwanza alimsalimu kwa furaha, akauliza kama zile kuni za kijani bado zipo.