Bendi Niliyomzulia Mjomba

Nianze na ujinga wangu, maana nisipousema mimi mtausikia kwa wengine, na wao watautia chumvi: mimi ndiye niliyelipeleka gitaa kwenye posa ya binti wa mjomba wangu. Sikulisahau pale. Sikutumwa na mtu. Nililibeba mwenyewe kutoka mtaa wa Wattaya, ndani ya mfuko wake mweusi, nikalisimamisha kwenye kona ya majlisi, sebule ya wageni, nyuma ya mito, nikakaa karibu nalo kama aliyetega panya anavyokaa na mtego wake. Panya alikuwa mjomba.

Inabidi nieleze habari ya filamu kwanza. Bila hiyo mtaniona mwendawazimu, na mimi ni mkosefu wa adabu tu.

Kuna filamu za vichekesho zinazojifanya ni filamu za kweli. Wanaume wazima wanne, nywele mabegani, suruali za ngozi zinawabana mpaka unawaonea huruma, wanajifanya bendi ya roki ambayo haijapata kuwepo duniani. Wa tano anashika kamera, anajifanya mwandishi aliyekuja kuwahoji. Basi wanakaa kwenye kochi wanaeleza upuuzi, tuseme bendi ilivyokaribia kuvunjika kwa sababu mmoja kala biskuti ya mwenzake, na nyuso zao zote ni za watu waliotoka mazikoni. Hakuna anayecheka. Ukicheka umeharibu. Nimeziangalia zote nilizozipata, saa ambazo mama alidhani nasoma kemia, na nimejifunza jambo moja: uwongo ukisemwa taratibu, kwa sauti nzito, huku picha ya zamani inasogezwa polepole kwenye kioo, watu wataamini hata kuwa mbuzi alipiga kinanda.

Skuli wakatupa kazi: filamu fupi juu ya historia ya mtaa wako. Wenzangu wote wakakimbilia ngome. Kila mwaka ngome. Ngome zenyewe zimechoka kupigwa picha, zingekuwa na miguu zingehama. Mimi nikafungua albamu ya bibi, nikamkuta mjomba.

Mjomba wangu ni kaka mkubwa wa mama. Amestaafu wizarani, ambako kwa miaka yote ile kazi yake, kwa kadiri ninavyoielewa, ilikuwa kupokea karatasi kutoka mkono wa kulia na kuipeleka wa kushoto. Anajipaka udi mpaka paka wanapiga chafya. Na popote palipotokea jambo, yeye alikuwepo. Ukitaja mvua kubwa, yeye ndiye aliyerowa. Ukitaja barabara mpya, yeye alipita kabla ya lami. Tumekua tukimsikiliza hivyo, sahani ya halwa mkononi, macho yametutoka kwa usingizi.

Kwenye picha ile alikuwa kijana, gereji, mtaa wa Wadi Kabir, alikofanya kazi miezi michache kabla ya kupata meza yake wizarani. Nywele kichaka. Suruali ya pekosi. Kashika ekzosi ya gari, lile bomba la moshi, kifuani, kaikumbatia kwa mikono miwili, kainua kidevu. Nyuma yake watu watatu wameinamia injini, huoni ila migongo.

Kwa simu yangu, ekzosi iligeuka gitaa ndani ya dakika kumi. Migongo mitatu nikaipa kazi: mmoja ngoma, mmoja kinanda, mmoja mwimbaji. Jina nililoipa bendi nimekatazwa kulitamka nyumbani, kwa hiyo litabaki huko liliko. Khalafu nikamwendea bibi, nikamwomba anihadithie lile jenereta la jirani la zamani, ambalo hachoki kulilaani. Bibi akaikabili kamera, akasema, "We! Jenereta lile, usiku kucha linanguruma. Mtaa mzima haulali. Nkamwambia babu yenu, ama lile, ama mimi." Nikakata neno jenereta. Likabaki "lile" tu, linanguruma, na mara ikaingia picha ya mjomba na gitaa lake, inasogea polepole. Juu yake sauti yangu, nzito kama ya daktari mwenye khabari mbaya: "Kabla ya taa za barabarani, Wadi Kabir kulikuwa na kelele."

Mwalimu alinisifu kwa kufukua historia iliyosahauliwa. Mwalimu huyu huyu hunikata alama kwa kusahau nukta.

Alhamisi nikaituma kwenye grupu la familia. Sikuandika kuwa ni mzaha. Nilikuwa nasubiri mjomba aje juu, apige kelele, "Huyu si mimi, hiyo ni ekzosi!" tucheke, yaishe. Saa mbili zikapita. Khalafu ikaja sauti yake. Kwanza kukohoa. Khalafu kukohoa tena. Khalafu: "Ee, wanangu. Ni kweli. Tulikuwa vijana."

Nilianguka kitandani kwa kicheko. Nilimdharau kwa furaha niliyokuwa sijapata kuionja.

Basi ndiyo mlango umefunguliwa. Watu wetu, walorudi nchi ya mababu kutoka Unguja na waliozaliwa hapa baada ya hapo, wana ugonjwa mmoja: hakuna awezaye kukubali kuwa jambo lilipita na yeye hakualikwa. Shangazi mmoja akasema aliisikia bendi kupitia ukutani akiwa na mimba, na ndiyo maana mwanawe hatulii mpaka leo. Jirani mmoja akasema alibeba spika. Mzee mmoja, mtu wa kusalisha watu, akautambua mgongo wake. Mgongo! Akaandika, "Huyo wa katikati ni mimi, nilikuwa mwembamba." Siku ya pili mzee mwengine akaudai mgongo huo huo, wakanuniana. Bendi niliyoizua na watu wanne, mpaka Jumanne ilikuwa na watu saba na dereva.

Na mjomba akanenepa. Alianza kutembea kama mtu anayesikia mziki ambao sisi hatuusikii. Kwenye kahawa akawa anagonga meza kwa vidole. Akaeleza walivyoalikwa kupiga Qurayyat, mji wa wavuvi, wakalipwa samaki. Wajukuu wakamzunguka. Vijana wa ukoo, ambao zamani walimkimbia kama chanjo, sasa wanapiga naye picha. Mimi nikaona hii haivumiliki. Kudanganywa ni jambo moja. Lakini mtu kukuibia uwongo wako, akautia na samaki?

Nikaamua nitengeneze sehemu ya pili. Nilitaka kitu kimoja tu: uso wake, kwa karibu, akiwa na gitaa la kweli mkononi na watu wote wakisubiri. Gitaa nililiazima kwa mwenzangu wa darasani, ambaye amejifunza kulishika kwa kila namna inayopendeza kwenye picha na hajapata kuligusa hata uzi mmoja. Na watu wote watakuwa wapi pamoja? Kwenye posa.

Wakwe walitoka Qurayyat, nao asili yao Unguja. Baba wa mume mtarajiwa ni mtu mfupi, mkavu, anayesikiliza sana. Hilo lilitakiwa linitishe. Wanaume tulikaa majlisi, wanawake ndani, na mlango kati yetu umeachwa wazi kidogo, kama kawaida, ili wanawake wasikie wanachojidai hawasikilizi. Kahawa ikapita, halwa ikapita. Mjomba akaanza hadithi yake, na alipofika kwenye samaki, yule mkwe akaweka kikombe chini.

"Sheikh wangu," akasema, "mimi miaka hiyo nilikuwa nakaa Wadi Kabir. Nyuma ya gereji hizo hizo. Nilisikia nyundo. Gitaa sikulisikia."

Katika ukoo mzima wa Adamu, huyu ndiye mtu wa kwanza kukubali kuwa hakuwepo.

Mjomba akacheka, peke yake. "Labda ulikuwa umelala, bwana."

"Nina usingizi mwepesi." Hakutabasamu. "Mimi sina neno na mziki. Ujana una mambo yake. Lakini nimekuja kumtafutia mwanangu watu wa kweli. Na Fatiha ya kufunga posa bado hatujasoma."

Hapo ndipo ningeweza kusema. Maneno matatu tu: nilizua mimi, samahani. Binamu yangu alikuwa nyuma ya ule mlango, na hina mikononi, na mwaka mzima alikuwa akimngoja mtoto wa mtu huyu. Nilikuwa nalijua hilo vizuri. Badala yake nikanyoosha mkono nyuma ya mito, nikautoa ule mfuko, nikaufungua zipu. Ile sauti ya zipu, wallahi, naisikia mpaka leo.

"La nani hilo?" akauliza mkwe.

Na mimi, kwa uso wangu wa mazikoni niliojifunza kwenye filamu, nikasema, "La mjomba."

"Basi ndiyo dawa," akasema mkwe. "Tupigie kidogo, sheikh. Kidogo tu."

Mjomba akalipokea. Angefanya nini? Akalishika kama alivyoishika ekzosi: amelikumbatia kifuani kwa mikono miwili, kidevu juu, nyuzi zimegeukia tumboni kwake. Kijana mmoja wa Qurayyat akageuza uso. Jasho likamtoka mjomba chini ya kofia, likaja mpaka kwenye masikio. Simu yangu ilikuwa tayari, inarekodi. Akaniangalia. Hakukasirika. Aliniangalia kama mtu aliyeanguka kisimani, akainua macho, akaniona nimekaa ukingoni na kamba mkononi, ninaipiga picha kamba.

Nikaizima simu. Si kwa wema. Kijana yule wa Qurayyat alikuwa ameanza kuitupia macho.

Mlango ukasukumwa. Bibi yangu ni mama yake mjomba, miaka themanini na ushei, hapandi ngazi bila kushikwa, na hutukataza sisi watoto kutamka wallahi hata kwa jambo la kweli. Alisimama pale kizingitini, mtandio mpaka nyusi, akanyoosha fimbo.

"Mpokonyeni mwanangu gogo hilo!"

Wanaume wote wakasimama.

"Mama, karibu," akasema mkwe.

"Sikaribii. Mnamtaka apige? Hapigi. Gitaa lake nlilivunja mimi. Wallahi l-Adhim, kwa mguu huu, kwenye kizingiti. Mnamwona anavyolishika, kama mtu kashika joka? Ndivyo nlivyomtisha. Nlimwambia, ukiligusa tena, maziwa yangu sikuhalalishii. Hajaligusa mpaka leo. Sasa nyinyi mnataka atoke kwenye radhi zangu, mbele yangu, kwa ajili ya nyimbo?"

"Lakini mama, mimi nilikaa Wadi Kabir na sikusikia..."

"Utasikia nini, na mimi nimelivunja?"

Swali hilo nalifikiria mpaka leo.

Mkwe akamtazama mjomba, aliyekuwa amelilaza gitaa zuliani taratibu kama mtoto aliyelala. Khalafu akavuka majlisi, akambusu bibi kichwani.

"Mtu aliyeshika neno la mama yake mpaka ndevu zimekuwa nyeupe," akasema, "mimi nitamkataaje? Nyoosheni mikono, tusome."

Fatiha ikasomwa. Ndani vigelegele vikapasua dari. Mjomba alisoma huku amefumba macho, na nadhani alikuwa anamsomea mtu mwengine kabisa, pengine yule kijana wa picha ambaye hakupata kupiga kitu. Na msidhani alijifunza. Kabla halwa haijaisha nilimsikia akimwambia mkwe kwamba lile gitaa lilivyovunjika, kichwa chake kiliruka mpaka barabarani, na yule mzee wa mgongo akasema ndiyo, kilimpiga yeye.

Bibi alirudi ndani, akaomba maji, akakaa kwenye kiti cha jikoni na kulia kidogo. Si kwa furaha. Nilimwona kupitia mlango wa nyuma, nilikokuwa nalificha gitaa. Alikuwa anamwambia mama, tena na tena, "Nimeapa uwongo, mwanangu. Nimeapa kwa Mungu, kwa ajili ya jenereta."

Niliingia. Nikasema nimekosa. Nilisema na maneno mengine mazuri, kwa sababu nina kipaji. Bibi akajifuta macho kwa mtandio. Mama alikuwa anaosha vikombe vya kahawa, amenipa mgongo, na mgongo huu hakuna mzee angethubutu kuudai. Akafunga mfereji. Akajifuta mikono. Akasema hivi, neno kwa neno:

"Kafara ya kiapo chake ni kulisha masikini kumi. Wali utaupika wewe, nyama utaikata wewe, na Wadi Kabir utaupeleka wewe kwa miguu, gereji hadi gereji, na gitaa hilo umelivaa mgongoni. Na atakayekuuliza kama unajua kulipiga, mwambie unajua, akwambie umpigie kidogo."