Bido Zenye Matumbo

Mawese ukiyamimina yangali moto ndani ya bido, dumu la plastiki, bido inavimba tumbo. Ikipoa hairudi tena, inabaki hivyo hivyo na inameza mafuta zaidi ya mwenzake aliye mwembamba. Rumonge nzima tulijua. Wanunuzi walijua, wakaongeza bei kidogo, na hakuna aliyemwita mwenzake mwizi.

Miaka ile ya vita barabara ya Bujumbura ilikuwa inafungwa na kufunguliwa kama mdomo wa mgonjwa. Leo risasi Magara, kesho Kabezi, kesho kutwa magari yanapita na kuku wanavuka kama hakukuwa na neno. Bomu moja lilikuwa limetoboa paa langu, tundu la kupitisha ng'ombe. Mume wangu alishakufa, aliniachia watoto na michikichi ya Kigwena. Mfanyabiashara mmoja wa Bujumbura, aliyekuwa akija nyuma ya msafara wa wanajeshi, tukapatana: nimpe mafuta yangu yote ya msimu, aniletee matole. Ndiyo mabati hayo, kwetu tunasema matole. Nilitaka yafike kabla ya mvua, basi. Sikuwa na hamu nyingine duniani.

Ndipo shefu wa komini, mkuu wa eneo letu, akatuita mkutanoni. Alikuwa mtu wa chama kilichoshika serikali. Akasema kila bido inayoingia sokoni itatoa mchango wa usalama. Hakusema kodi. Kodi tunaijua, inauma na unanyamaza. Lakini mchango kwetu ni neno la harusi na msiba.

Nikasimama. "Shefu, anayetoa mchango anawekewa kiti na sahani. Sisi tutakaa upande gani?"

Watu wakacheka mpaka wengine wakajipiga mapaja. Yeye hakucheka. "Huyu mama analeta politiki."

Politiki gani? Watu wa chama kingine, cha waasi wa porini, walikuwa wakipita mashambani wakinong'ona kwamba atakayelipa ananunua risasi za kumuua ndugu yake. Ukilipa wewe ni wa hawa, usipolipa wewe ni wa wale. Mimi nilikuwa chama cha matole.

Wanawake hatukubishana. Tukachochea moto. Kama wanahesabu midomo ya bido, basi kila mdomo uwe na tumbo lake la maana. Bido zikavimba kuliko zilivyowahi kuvimba, zikawa zinayumba zikiwekwa chini.

Siku ya soko lori la mfanyabiashara wangu likafika, matole yamefungwa juu, yanang'aa mpaka macho yanauma. Kabla sijamfikia mwenye lori, shefu akaingia na askari, akapiga bido moja teke.

"Haya matumbo ni alama ya chama cha porini! Kila bido yenye tumbo italipa mara mbili."

Mwanamke mmoja muuza ndagala, hawa dagaa wetu, mimba yake imefika puani, akauliza, "Na mimi, shefu, nalipa mbili ao nangoja nizae?"

Soko likalipuka. Hata askari mmoja aligeuza uso ziwani.

Wifi yangu, dada ya marehemu, alikuwa ndani ya kitenge cha chama cha shefu. Alikivaa hata kupalilia mihogo. Ndiye aliyepika maharage ya mikutano yao, na bido zake ndizo zilizovimba kuliko zote. Akasogea mbele.

"Shefu, iko hivi tangu zamani. Hata maharage ulikula kwa mkutano, mafuta yake yalitoka mu tumbo hili hili. Na wewe ni wa porini?"

Angeweza kucheka, yakaisha. Lakini askari walikuwa wanamtazama. "Mbili!" akapiga kelele.

Wifi akajitwika bido yake. "Haya, nakwenda kupikia watoto wangu." Akaniangalia. "Unabaki?"

Nilitaka kubaki. Nisidanganye. Ningelipa mara mbili, nikamlilia mwenye lori, pengine angenipa matole nusu. Lakini wanawake walikuwa wanainama mmoja mmoja, wa chama hiki na wa chama kile, wanajitwika. Nikajitwika na mimi, nikiwatukana wote kimoyomoyo.

"Mama! Na matole yako je?" mwenye lori akaita. Msafara haungoji mtu. Lori likarudi na matole yake, nikalitazama mpaka kona.

Tangu hapo sikukaa kitako. Nikisikia injini, nakimbilia barabarani na unga mikononi. Sokoni mafuta yakakosekana, na pasipo mafuta shefu hakuwa na cha kutoza. Maharage ya mikutano yakapikwa kwa maji na chumvi. Wiki chache baadaye mtozaji wa shefu akaanza kuchukua mchango mmoja tu kwa kila bido, tumbo au bila tumbo. Hakuna mkutano ulioitwa kutuambia.

Lakini barabara ilikuwa imefungwa tena. Mvua ya kwanza ikanyesha sebuleni kwangu.

Siku moja baada ya mvua hiyo barabara ikafunguka, lori likarudi limejaa watu na magodoro. Nikamkimbilia dereva. "Matole yangu?"

"Yako Kabezi, mama. Watu wamekimbia nyumba zao, wamelala chini yake."

Nikaliacha lori pale. Nikaenda kuchukua watoto na sufuria, nikabisha hodi kwa wifi, nikamwambia asogee.