Dari Juu ya Tanuri

Mtaani walimwita Bi Chachu, kwa kuwa mikate yake iliumuka upesi, na hasira zake vilevile. Alioka tangu usichana, kwanza kwa baba yake, kisha, mzee alipofariki, kwa kaka yake mkubwa aliyerithi kiwanda kile kidogo cha mikate.

Kaka alipenda mambo mapya. Alibomoa dari la mbao akaweka la paneli: mabati mawili membamba, katikati povu gumu lililoshikwa kwa gundi. Likawa jepesi, jeupe, la kupendeza. Ghala lilipojaa, akapandisha magunia ya unga juu yake. Chini ya magunia hayo ndipo lilipokuwa tanuri.

Bi Chachu ndiye aliyekuwa wa kwanza kusikia. Tanuri likipamba moto, dari lililia: ta! Kisha kimya. Akawa anakanda unga shingo kaikunja, kama kuku aliyeona kivuli cha mwewe. Siku moja akaona bati la chini limefanya mikunjo midogo, mfano wa utando juu ya maziwa. Akaligonga kwa mpini wa ufagio. Pembeni lilitoa sauti nzito. Juu ya tanuri likalia kama debe tupu.

Akamwita fundi aliyelifunga. Fundi akagonga mara moja tu, akarudi nyuma.

"Dada, nani kaweka mzigo huku?"

"Kaka yangu."

"Mimi nilifunga dari, sikujenga ghala. Bati hili peke yake ni karatasi. Nguvu yake ni kushikana na povu. Joto linalegeza povu, gundi inaachia, mzigo unamalizia kazi."

Kaka alipoambiwa, akacheka. "Huyo anatafuta kibarua. Mbona halijaanguka?"

"Hata mgonjwa hafi siku anayoanza kukohoa, kaka."

"Wewe oka. Dari niachie mimi."

Ikaja siku ya jua kali na oda kubwa. Tanuri liliwaka tangu alfajiri. Mchana dari likaacha kulia, na kimya kile kikamtisha kuliko kelele. Akainua macho. Mikunjo ilikuwa imeungana kuwa mmoja mrefu, unatambaa taratibu kutoka ukutani.

"Tokeni nje! Nyote!" Bi Chachu akawapigia kelele vibarua. Akafunga gesi, mikate ikiwa bado mibichi.

Kaka akaingia mbio. Alipoona moto umezimwa, uso ukamgeuka. "Unaniaibisha mbele ya wateja? Ngoja nikuonyeshe kama litaanguka." Akaishika ngazi, akapanda.

"Kaka, shuka! Nakusihi, shuka."

Bi Chachu akasikia nyayo zake juu. Hapakuwa na mshindo. Dari lilijikunja polepole kama mtu anayepiga magoti, likammwaga yeye na magunia yake. Unga ukatanda chumba kizima kama ukungu. Kama tanuri lingekuwa linawaka, vumbi lile lingeshika moto. Bi Chachu akamtafuta kwa kupapasa, akifuata sauti ya kikohozi.

Kaka alivunjika mguu na nyonga. Hospitalini jirani mmoja akanong'ona kuwa asiyesikia la mkuu huvunjika guu. "Kwetu mkuu ndiye ambaye hakusikia," alisema Bi Chachu. Jirani akacheka, yeye hakucheka.

Kaka alipoweza kuketi kitandani, aliuliza, "Nusu ya dari imebaki? Basi tutaweka bati nene zaidi."

Bi Chachu alitoka pale akanunua kufuli, akafunga kiwanda, ufunguo akaushona ndani ya mkoba wake. Siku hizi anaoka uani kwa shangazi yao. Kaka hutuma watu kuudai ufunguo, naye huwarudisha mikono mitupu. Jana alituma mwingine na ujumbe: kaka sasa anatembea kwa fimbo, na amepata fundi mpya wa dari.