Futi ya Mama

Wiki iliyopita nilipima dirisha kwa futi ya chuma, nikakata pazia kwa futi ya kitambaa ya mama. Pazia likaburuza sakafuni.

Nikakumbuka alasiri moja ya utotoni katika fleti yetu ya Thorncliffe, ughaibuni, vitunguu vya pilau vikikaangwa, bomba la kupasha joto likigongagonga ukutani. Mimi na dada yangu mkubwa, Rehema, tulikuwa tukipiganisha askari wa plastiki mezani. Unarusha dadu, na namba unayopata ndiyo inchi za kumsogeza askari wako. Rehema alipimia futi ya chuma. Mimi alinipa ile ya mama, iliyochakaa.

"Mbona nzuri umechukua wewe?"

"Cheza, mdogo wangu."

Sikumwamini. Kila alipopima niliinama hadi nikainusa kutu ya futi yake. Nilishinda, na bado nikaenda kumshtaki jikoni.

"Mama, dada ananiibia."

"Anakuibia, na umeshinda wewe?"

Sasa nimezilaza futi zote mbili pamoja. Ya mama imevutika, inchi zake ni ndefu kuliko za chuma. Kumbe jikoni sikusema uongo. Dada alikuwa ananiibia kweli, ila alikuwa anaiba kutoka upande wake.